Stasyo Aliyoichagua Mume Wangu

Mume wangu alikuwa mpishi wa Wazungu wawili hapa Uvira. Tuliwaita Bwana na Madamu, kama kila mtu alivyowaita wa kwake. Bwana alikuwa wakala wa kampuni ya pamba. Mwanzo alikaa Sange, ambako wakulima wa bonde la Ruzizi walileta pamba yao kwenye vikapu, yeye akisimama penye mizani tangu asubuhi, na jioni akirudi na nyuzi nyeupe kwenye nyusi. Kampuni ilipomhamishia Uvira, na sisi tulihama. Hakuna aliyetuuliza. Mzungu akipata mutasyo, ndivyo tulivyoita uhamisho, mpishi alipanda nyuma ya lori pamoja na masufuria, na mke wa mpishi alipanda na watoto wake na kuku wake. Kule walikokwenda kuliitwa stasyo. Kulikuwa na stasyo ya misioni, stasyo ya kilimo, stasyo ya pamba. Mahali Mzungu anapokaa na kufanya kazi, hapo ni stasyo. Maana nyingine ya neno hilo sikuijua. Mume wangu, aliyejua Kifaransa cha jikoni na cha mezani, hakuijua pia.

Alikufa wakati wa uasi. Watu wengi walikufa wakati huo na wengine hawakuzikwa, kwa hiyo sina haki ya kulia zaidi ya wenzangu. Lakini kuna jambo nililolijua kwa miaka miwili nikalinyamazia, na baada ya kifo chake nikalinyamazia tena miaka mingi. Nimesoma darasa nne tu. Nitaandika nilichoona na nilichosikia, na mahali ambapo sikuwepo nitasema sikuwepo.

Mwanzoni mwa mwaka wa uhuru, bahasha kubwa zilianza kufika kutoka Ulaya. Madamu alizifungua kwenye meza ya barza, ule ukumbi wao wa nje, akatandaza karatasi zenye picha za rangi, akaweka jiwe kwenye kila pembe kwa sababu ya upepo wa ziwa. Sisi tulikaa boyeri, vyumba viwili vya matofali nyuma ya nyumba kubwa, na nilipokuwa nafua kwenye bomba la uani niliiona barza yote. Bwana na Madamu walikuwa wanangoja konje, likizo yao ndefu ya kwenda kwao, mwishoni mwa mwaka huo. Ndani ya konje hiyo walitaka majuma mawili ya mlimani, kwenye theluji. Hayo majuma mawili sisi hatukuyasikia. Tulichosikia ni kwamba Bwana na Madamu wanachagua stasyo.

Walibishana kila Jumapili baada ya chakula. Mume wangu alikuwa anapeleka kahawa, anarudi na habari.

"Leo Bwana anataka ile ya juu kabisa."

"Iko juu kama Mulenge?"

"Mulenge ng'ombe wanakaa. Kule hata ng'ombe hawawezi."

Bwana alitaka ya juu kwa sababu theluji yake ilikuwa nyingi na miteremko yake ilikuwa mikali. Madamu alitaka nyingine, yenye jua, yenye kanisa la mnara mwembamba, ambako mtu asiyejua kitu anafundishwa polepole. Ya tatu ilitumwa na dada yake Madamu. Ilikuwa chini, penye ziwa dogo, na treni ilifika mpaka mlangoni. Hiyo hakuna aliyeitaka. Ilikaa pembeni ya meza chini ya jiwe lake.

Redio ilikuwa inasema mambo ya uhuru kila saa. Bwana akifika huizima. Siku moja nilimsikia akisema kwa sauti, kama anayetaka sisi wa uani tusikie, kwamba uhuru uje usije, mwezi wa Desemba watakuwa kwenye theluji, na baada ya konje watarudi hapa hapa kwenye nyumba hii. Wakati ule nilidhani anajivuna. Sasa nadhani walichagua stasyo kwa ugomvi namna ile kwa sababu lilikuwa jambo la mwisho ambalo bado waliweza kulichagua wao wenyewe.

Jumapili moja ugomvi ulifika mahali Madamu akatupa kijiko mezani. Akaita jikoni.

"Mpishi! Kuja hapa. Weye kuangalia hii mapicha tatu. Weye kuchagua moja. Bwana hapana kusema kitu, minye hapana kusema kitu. Weye tu."

"Minye, Madamu?"

"Weye."

Mume wangu alifuta mikono kwenye aproni. Akasema, kwa Kifaransa chake cha heshima, kwamba jambo kama hilo haliwezi kuchaguliwa kwa kusimama, na akaomba aende nalo nyumbani mpaka kesho. Walicheka hata Bwana akakohoa. Madamu akampa karatasi zote tatu.

Mchana huo tulikaa mlangoni kwa boyeri, karatasi juu ya mkeka, binti zetu wawili wakikatazwa kuzigusa. Tulizitazama kama watu wanaotazama kiwanja cha kujenga.

"Hii kazi yao ni kazi gani?" nilimwuliza. Kwenye picha zote watu walikuwa na mbao mbili ndefu. Wengine walizibeba begani, wengine walizikanyaga, na kila mmoja alishika fimbo mbili.

"Mbao," alisema. "Ni stasyo ya mbao. Ona miti ilivyo mingi. Wanapasua, wanabeba."

"Bwana ni mtu wa pamba. Ataenda kufanya nini kwenye mbao?"

"Uhuru unakuja, mama watoto. Kampuni inaacha pamba, inaingia kwenye mbao. Wazungu hawangoji."

Nilimwona ni mtu mwenye akili.

"Hata wanawake wanabeba?"

"Hata wanawake."

"Na wamevaa pantalo, kama wanaume!"

"Ni baridi."

"Minye sivai pantalo."

"Nani amekuambia uvae? Utajifunga vitenge vitatu."

Ule weupe wa chini tuliufahamu. Theluji tulikuwa tumeisoma kwenye Biblia, na mchungaji wetu, ambaye hakuwahi kuiona, alitufundisha kwamba ni pamba ya baridi. Mume wangu aliijua zaidi ya mchungaji. Kila Jumamosi aliikwangua kwa kijiko ndani ya frigo ya Madamu, na siku moja aliniletea kidogo kwenye kikombe. Binti yetu mdogo aliilamba, akalia, kisha akataka tena.

Tukaanza kuchagua. Ile ya Bwana niliikataa mimi. Nilihesabu mabomba ya moshi kwenye mapaa nikaona moja tu, na soko sikuliona, na kaburi sikuliona. Mahali ambapo watu hawana makaburi hakuna mtu anayekaa kweli. Ile ya Madamu ilikuwa na kanisa, lakini lilikuwa la Wakatoliki, na mume wangu alisema hatabadili dini kwa ajili ya kazi. Ikabaki ya ziwa dogo. Aliishika karibu na macho.

"Penye ziwa pana samaki," alisema. "Penye samaki mpishi hafukuzwi. Na weye ukikumbuka kwenu, utakwenda kusimama pwani utazame maji."

"Maji yake ni meupe."

"Yamefunikwa tu. Chini yako maji."

Kesho yake asubuhi aliwapelekea jibu pamoja na chai. Bwana alipiga kelele: "Chini mno! Theluji ya kule ni uji!" Madamu alipiga makofi. Kwa kuwa hakuna aliyeshinda, alisema, basi wote wawili wameshinda, na siku hiyo hiyo aliandika barua ya kuomba chumba. Kisha akamgeukia mume wangu.

"Na weye kuja na sisi kule, kupika supu. Kule iko baridi sana."

Alisema bila kucheka. Mzungu akitania bila kucheka, mtu wa kwetu hana njia ya kujua. Na kwa nini asiamini? Alikuwa amewapikia Sange, akawapikia Uvira. Stasyo ya tatu aliichagua yeye mwenyewe, na barua ilikuwa imekwisha kwenda. Alirudi boyeri akaketi, mikono kati ya magoti. Baba yake alilima pamba kwa lazima, akapigwa kwa ajili ya pamba, akafa nayo kifuani, kikohozi. Mume wangu aliniambia kwamba watoto wetu hawatajua hata mti wa pamba unafananaje.

Ile karatasi ya ziwa dogo Madamu alimwachia. Tuliibandika ukutani kwa uji wa muhogo.

Uhuru ulifika, tukacheza, tukala nyama. Siku chache baadaye askari waliwaasi wakubwa wao Wazungu, na Wazungu wa Uvira wakaanza kukimbilia Usumbura, ng'ambo ya mpaka. Bwana na Madamu waliondoka asubuhi. Gari lilikuwa linanguruma nje, Bwana anapiga honi, Madamu anazunguka kwenye barza akimtafuta paka wake huku akilia. Alimpa mume wangu funguo za nyumba. Mume wangu alimfuata mpaka kwenye gari.

"Madamu. Tutaonana kwenye stasyo?"

"Ndiyo, ndiyo," alisema, akichungulia chini ya viti. "Kwenye stasyo."

Mimi nilikuwa karibu, nilisikia. Nina hakika Madamu hakusikia alichoulizwa. Hakuwa mtu mbaya. Paka hakuonekana, wakaenda.

Basi tukangoja barua. Nyumba kubwa ilichukuliwa na mkubwa mmoja wa serikali mpya, naye akamwacha mume wangu jikoni na sisi boyeri. Kila Ijumaa mume wangu alikwenda posta. Alisema barua ya kumwita itakuja baada ya Bwana kuzoea kazi ya mbao. Desemba ilipita. Akasema huenda wametangulia kujenga nyumba ya mpishi, maana kule mtu halali kwenye boyeri ya mabati. Kisha akaenda Kavimvira, kwa wanawake wanaovusha nguo za mtumba kutoka Usumbura, akarudi na koti zito la sufu, refu mpaka magotini. Akaanza kulizoea. Alilivaa mchana, jua la Uvira likiwa juu ya kichwa, akatembea mpaka sokoni na kurudi, jasho linadondoka kidevuni.

Kulikuwa na fundi wa cherehani kwenye kona yetu, mtu wa maneno mengi. Ndiye aliyempa jina.

"Bwana Stasyo! Treni yako imechelewa?"

"Itafika."

"Ikifika niamshe. Nataka nami nione bara la barafu. Lakini vua hilo koti, utatuchemkia hapa, tukukoroge ugali."

"Fundi, weye ndiye utakayelipunguza mikono. Mikono yake mirefu."

"Minye nitaipunguza, lakini akili zako nani atazipunguza?"

Walicheka wote wawili, mume wangu zaidi. Hakuwa mjinga wa kukasirikia mzaha. Alikuwa na hakika, na mtu mwenye hakika anaweza kuchekwa siku nzima.

Masista walikuwa na nyumba ya kufundishia wanawake kushona. Tuliiita fuwaye. Mimi ni Mprotestanti lakini walinipokea. Sista mmoja, mzee, miwani yake imefungwa kwa uzi, alizaliwa kwenye nchi ya milima huko Ulaya. Mwaka wa pili wa kungoja nikaona nimwulize mwanamke anachukua nini akihamia stasyo ya theluji, kama ni mbegu za maharage au mchi wa kutwangia. Hakunielewa. Kesho yake nikabandua ile karatasi ukutani, nikampelekea.

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha aliona uso wangu, akaacha.

"Mwanangu," alisema, "hii si stasyo ya kazi. Ni mahali pa kucheza. Watu wanaenda majuma mawili, wanateleza, wanarudi kwao."

"Wanateleza?"

"Kwenye mbao hizi. Toka juu mpaka chini."

"Wanaanguka?"

"Sana."

"Halafu?"

"Halafu wanapanda tena."

Niliufikiria mlima ulio nyuma ya mji wetu wakati wa mvua, wanawake wakishuka na mihogo mgongoni juu ya udongo mwekundu, vidole vya miguu vimekunjwa ili visiteleze. Nikauliza neno moja tu.

"Na mpishi wao?"

"Ni hoteli, mwanangu. Wapishi wako kule kule."

Nilirudi nyumbani nikaibandika karatasi mahali pake. Mume wangu hakujua kama ilitoka.

Sasa nifike kwenye lile nililolinyamazia. Nimejiambia kwa miaka mingi kwamba nilinyamaza kwa huruma, na ni kweli, huruma ilikuwepo. Alikuwa na raha. Wanaume wengine wa rika lake waliokuwa kwa Wazungu walikuwa wanakunywa tangu asubuhi na kupiga wake zao, na wangu alikuwa anafundisha mabinti kusema "il fait froid", yaani kuna baridi. Lakini huruma haikuwa peke yake. Nilipenda bomba la uani. Nilipenda taa ya umeme, ile moja, iliyoning'inia katikati ya chumba. Nilijua kwamba akiacha kungoja ataacha na jikoni, atataka kurudi kwenye shamba la baba yake kule bondeni, na mimi nitakuwa mwanamke wa jembe na mtungi. Nilinyamaza kwa ajili ya bomba. Na kulikuwa na la tatu, ambalo silijui jina. Niliona vibaya kumjua mume wangu kuliko alivyojijua.

Kwa hiyo kila Ijumaa nilimpigia pasi shati la posta. Aliporudi nilimwuliza, "Imekuja?" Nilimwuliza mimi mwenyewe, mtu aliyejua.

Mwaka wa nne baada ya uhuru, uasi ulitokea bondeni, ukashuka mpaka mjini. Sitaeleza nani alikuwa na haki, sijui. Mkubwa wa serikali alikimbia na gari lake, akatuacha na nyumba. Waasi walipoingia walitafuta makarani, walimu, na watu waliokula na Wazungu. Kaka yangu mkubwa, ambaye namwita yaya, alikuja kwa miguu kutoka kwetu, milimani juu ya Sange, asubuhi na mapema. Kule kwetu vijana wengi walikuwa upande wa waasi, walitujua, na hakuna ambaye angetugusa.

"Shemeji," alimwambia mume wangu, "fungasha. Tunapanda leo. Hapa unakaa ndani ya nyumba ya Mzungu na funguo za Mzungu. Unangoja wakuulize?"

"Wapeleke mama na watoto. Minye sitoki."

"Kwa nini?"

"Nina barua."

"Iko wapi?"

"Iko njiani."

Yaya alinitazama. Hakuwa anakaa mjini, hakujua mambo ya stasyo. Alidhani shemeji yake amepatwa na kichaa cha woga. Alitoka nje na binti mkubwa, akaanza kufunga mizigo.

Tulibaki wawili chumbani. Mume wangu alikuwa ananisaidia kumfunga mdogo mgongoni, maana miguu ya mtoto ilikuwa imekuwa mirefu na nguo haikutosha. Aliongea taratibu, kama anayeeleza mapishi. Akipanda milimani, alisema, barua itafika posta ya Uvira, itakosa mtu, itarudi Ulaya. Na Mzungu haandiki mara mbili.

Nikamwambia. Nilimwambia akiwa nyuma yangu, sikumwona uso. Nilisema hakuna barua, haikuwahi kuwepo. Nilisema kule si kazi, ni mchezo, watu wanateleza kwenye zile mbao kwa kupenda wenyewe, majuma mawili, kisha wanarudi kwao. Nilisema Madamu alikuwa anatania, na siku ya gari alikuwa anamtafuta paka.

Mikono yake iliacha kufunga.

"Nani amekuambia?"

"Sista wa fuwaye."

"Lini?"

Ningeweza kusema jana. Nilitaka kusema jana.

"Miaka miwili."

Nje yaya alikuwa anaita.

"Ijumaa zote zile," alisema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaniuliza kama imekuja."

"Nilikuwa nakuuliza."

Alimaliza kufunga fundo. Alilikaza vizuri, akalijaribu kwa kidole kama limeshika, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Kisha akanizunguka na kunitazama usoni. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningeijua. Alikuwa kama mtu aliyeingia kwenye nyumba ya watu kwa makosa na hajui atoke kwa mlango gani.

"Kwa hiyo niliwachagulia mahali pa kuchezea," alisema.

"Twende, baba watoto. Tafadhali."

"Tangulieni. Minye nifunge nyumba."

Hayo ndiyo maneno yake, yote. Nimeyageuza kila upande. Hakusema nitawafuata. Hakusema sitawafuata. Alisema tangulieni, na mtu anayekuambia tangulia kwa kawaida anakuja nyuma yako. Lakini ni neno la kawaida pia la kumwondoa mtu mbele yako. Nilitoka. Kwenye kona niligeuka, nikamwona amesimama kwenye barza ya Wazungu mikono mitupu, mahali ilipokuwa ile meza.

Tulipanda mpaka kwetu. Siku ya kwanza nilitazama njia. Ya pili nilitazama njia. Siku ya tatu mama yangu aliniambia niache kusimama, nakatisha watu tamaa.

Tulirudi Uvira baada ya miezi mingi, serikali ilipokuwa imeshika mji tena. Nyumba kubwa haikuwa na milango wala mabati, na boyeri ilikuwa imechomwa. Fundi wa cherehani alikuwa hai. Alikuwa ameketi kwenye kona yake bila cherehani, na aliponiona alisimama, akavua kofia. Hapo nikajua. Mtu yule hakuwahi kunivulia kofia.

"Shemeji," alisema, "kaa kwanza."

"Nitasimama. Sema."

Alisema kwamba siku mbili baada ya sisi kuondoka, asubuhi, alimwona mume wangu anatoka kwa mlango mkubwa, ule wa Wazungu, na kushika njia ya kaskazini. Alimwita. Alimwita Bwana Stasyo, kwa mazoea. Mume wangu aliinua mkono bila kugeuka. Walikuwa wanapiga risasi kutoka upande wa kilimani na wengine wakijibu kutoka pwani, na hakuna anayejua ni ipi iliyompata. Fundi na wanaume wengine wawili walimwendea jua lilipopoa. Walimzika hapo hapo alipoanguka, kando ya njia, upande wa ziwa.

"Alibeba nini?" nilimwuliza.

"Hakubeba kitu."

"Hata koti?"

"Shati tu, shemeji. Shati jeupe, la pasi."

Mtu anayekimbia anabeba kitu, hata sufuria. Mtu anayetoka kutembea habebi kitu. Lakini mtu anayewafuata wake, ambao wamekwisha kubeba kila kitu, atabeba nini?

Nilikwenda kupaona. Njia inayotoka Uvira kwenda kaskazini ni moja mpaka Kavimvira. Hapo inagawanyika. Ukinyoosha unaingia bondeni mpaka Sange, na kutoka Sange unapanda kwetu. Ukikata kulia unafika mpakani, na baada ya mpaka ni Usumbura, ambako Wazungu walikuwa bado wanakaa na mtu angeweza kuulizia barua yake. Alikuwa anakuja kwetu, au alikuwa anaenda kuhakikisha kama mke wake amesema kweli. Ilibaki mwendo wa dakika chache tu tungejua. Alianguka kabla ya njia kugawanyika.

Binti yangu mkubwa anawaambia watoto wake kwamba babu yao alikufa akiwafuata mke wake na mabinti wake. Anasema kama aliyeona. Simkatazi, yeye ni mtoto wake. Akiniuliza mimi namwambia sijui, na ananikasirikia siku mbili.

Vita vilipotulia, ndugu za mume wangu walikuja kuniambia kwamba wanataka kumhamisha. Walisema si vizuri mtu kulala kando ya barabara kama gurudumu lililotupwa, wakati kaburi la baba yake liko bondeni na nafasi ipo. Walikuwa na haki. Walikuwa wameleta hata sanda mpya. Niliwaomba wamwache. Waliniuliza sababu, nikashindwa kuwaeleza, wakaondoka wakisema mwanamke huyu ana moyo mgumu. Sababu yangu ni kwamba wakimpeleka bondeni, watu watasema ndiko alikokuwa anakwenda, na mimi nitaanza kuamini, kwa sababu nataka sana kuamini. Nilikwisha kumwacha aamini kitu kwa miaka miwili. Nilimwacha pale alipofika mwenyewe. Naenda kung'oa majani mara moja kwa mwezi, siku yoyote isipokuwa Ijumaa.